Tanga halishuki, halipandi, linanasa: kutatua matatizo ya mfumo wa kujitengenezea kwenye mashua ndogo

Watu wengi wakishafunga mfumo wao wa kamba ili watweke, watue na wapunguze tanga wakiwa wamekaa nyuma bila kutambaa mpaka kwenye mlingoti, matatizo wanayolalamikia ni yale yale, kwa hiyo nimeyapanga kwa dalili. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea sana, ile ya nadra iko mwisho, na ukaguzi wa bure unatangulia kabla hujanunua kitu. Anza na ile dalili inayokusumbua ila hii ya kwanza soma hata kama huna shida nayo, manake mfumo unaopandisha tanga vizuri alafu hauwezi kulishusha ni hatari kuliko kutokuwa na mfumo kabisa.

Majina nitakayotumia: kutweka ni kupandisha tanga, kutua ni kulishusha, kupunguza ni kulishusha kidogo ili libaki dogo upepo ukizidi, omo ni sehemu ya mbele ya mashua, henza ni kamba ya kutweka tanga, demani ni kamba ya kuongozea tanga, bumu ni ule mti wa mlalo unaoshika tanga kwa chini, kika ni ile kamba inayovuta bumu chini kuelekea shina la mlingoti, kapi ni puli, kliti ni kishikio cha kamba. Vitelezi ni vile vidude vya plastiki vinavyopita ndani ya mfereji wa mlingoti.

Majaribio yote yafanye nchi kavu kwanza au mashua imefungwa kwa omo, upepo mdogo. Kabla hujasimamisha mlingoti angalia juu, waya wa umeme ukigusana na mlingoti wa alumini unaua, na wala si lazima ugusane kabisa, ukisogea karibu sana umeme unaweza kuruka.

DALILI YA 1: Umeachia henza ila tanga halishuki, au linashuka nusu alafu linagoma

Sababu inayoongoza haina uhusiano wowote na vifaa vyako. Tanga bado limejaa upepo. Likijaa linavisukuma vitelezi upande mmoja wa mfereji na vinang'ang'ania pale, hata upake mafuta gani havitashuka. Elekeza omo kwenye upepo, legeza demani mpaka bumu iyumbe yenyewe, legeza na kika, ndo uachie henza. Watu wengi wanasahau kika. Ikiwa imekaza inavuta bumu na tanga pamoja kwa chini, mkunjo wa tanga unabaki mgumu na vitelezi vinabanwa.

Likiwa bado halishuki na omo iko sawa kwenye upepo, angalia mkia wa henza. Kamba iliyozungushwa mviringo mviringo kama ya kuanikia nguo inajisokota, na ikikimbia kwa kasi inatengeneza kifundo kinachoenda kukwama kwenye kapi la chini. Dawa yake usiizungushe, imwage tu ndani ya mfuko au ndoo kuanzia mwisho wake, yaani ule mwisho unaingia wa kwanza na sehemu ya karibu na kliti inakuwa juu. Itatoka bila kujisokota.

Sababu ya tatu ni mfereji wenyewe: chumvi, vumbi, mchanga. Osha kwa maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi, mfereji wote juu mpaka chini, ukikauka pulizia silikoni kavu au sugulia mshumaa kwenye vitelezi. Usipake grisi wala mafuta ya injini, yanakamata vumbi na baada ya muda mfupi unakuwa na matope magumu mle ndani, na tanga linachafuka doa lisilotoka. Alafu toa kitelezi kimoja kimoja ukipitishe kwa mkono kwenye urefu wote wa mfereji. Kile kinachokwama sehemu moja tu kinakuonyesha mfereji umebonyea hapo au kuna skurubu imechomoza kwa ndani, na kwenye mashua alizofungia mtu mwenyewe skurubu ndefu iliyochomoza ni kitu cha kawaida sana, umefunga kliti kwa nje kumbe ncha imeingia njia ya vitelezi.

Sasa kuna ile hali ya tanga kushuka theluthi mbili alafu kusimama. Hii inawachanganya watu ila ina maelezo rahisi: kinacholivuta tanga chini ni uzito wake, na kadri linavyoshuka uzito unaobaki unaning'inia mlingotini unapungua, lakini msuguano wa henza kwenye makapi bado upo pale pale. Kwa hiyo kipande cha mwisho hakina nguvu ya kujishusha. Hapa funga kamba ya kushushia: kamba nyembamba ya milimita 3 au 4, ifungwe kwenye kichwa cha tanga, ipite ndani ya vitelezi viwili vitatu vya juu ili isipeperuke, ishuke mpaka kapi la shina la mlingoti na irudi nyuma ulipokaa. Ukiniuliza mimi kamba gani ya kufunga kabla ya zote kwenye mfumo wa kujitengenezea, ni hii.

Vitelezi vya karibu na vijiti virefu vya tanga (zile fito nyembamba zinazolinyoosha) navyo huwa vinagoma. Kijiti kinachotoka ukingo wa nyuma mpaka wa mbele kinasukuma kitelezi chake ndani ya mlingoti, na ukikikaza sana kinakuwa kama breki. Legeza kijiti mpaka mkunjo wa kitambaa uondoke tu, usizidishe. Na kichwa cha tanga kiwe na vitelezi viwili vilivyokaribiana, kikiwa na kimoja kinapinda na kujikaba.

Sababu ya mwisho na ya nadra ni henza kuruka kutoka kwenye gurudumu la kilele (lile la kapi la juu kabisa mlingotini) na kuingia katikati ya gurudumu na ukuta wa kapi. Inatokea kama kamba ni nyembamba kuliko ule mwanya. Ikishabanwa pale huwezi kuitoa kwa kuvuta, ukivuta unaipigilia zaidi. Laza mlingoti au uilaze mashua ubavu ukiwa nchi kavu uitoe kwa mkono, alafu ama ununue kamba nene inayojaza gurudumu ama upunguze mwanya.

SIMAMA HAPA. Usipande mlingoti wa mashua ndogo, itapinduka na wewe ukiwa juu. Tanga likikwama ukiwa majini na upepo unaongezeka, achia demani yote tanga lipepe, tupa nanga ya omo kama kina kinaruhusu, mashua itageukia upepo yenyewe, alafu omba msaada wakati bado mambo hayajawa mabaya. Kukata henza kwa kisu kunasaidia tu kama kilichokwama ni kliti au kifundo cha chini na wewe unakata juu yake. Kilichokwama kikiwa kileleni au ndani ya mfereji, utakuwa umeharibu kamba na tanga bado liko juu.

DALILI YA 2: Kutweka ni kazi nzito mno

Hesabu kwanza uzito. Kitambaa cha gramu 200 kwa mita ya mraba, tanga la mita za mraba 10, ni kilo 2. Weka vijiti, vitelezi, mishono, bado ni vigumu kupita kilo 5. Kwa hiyo ukijikuta unavuta kwa mikono miwili mguu umeukanyagia mlingoti, unapigana na msuguano, tanga lenyewe ni jepesi.

Tafuta mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi. Siku isiyo na upepo funga mizani kwenye henza pale inapotoka mlingotini, vuta taratibu usome. Alafu pima tena kule nyuma unapokaa, baada ya kona zote. Kama mlingotini inasoma kilo 6 na nyuma inasoma 14, shida yako iko kwenye kona za chini. Kama mlingotini tu tayari ni 12, rudi kwenye mfereji na gurudumu la kilele, dalili ya 1.

Kona za chini ndo mahali mafundi wa kujitengenezea tunapoweka vipande vya bomba la plastiki, boliti zenye jicho, pete za chuma, kwa sababu ni rahisi kupata. Zinafanya kazi ila kuna bei yake. Tukichukua kipimo cha msuguano cha 0.15, ambacho ni cha kawaida kwa kamba kwenye pete laini, kona ya nyuzi 30 inaongeza nguvu unayotakiwa kuvuta kwa asilimia 8 hivi, hiyo haina neno. Kona ya nyuzi 90 inaongeza zaidi ya robo. Nyuzi 180 inaongeza asilimia 60. Na hazijumlishwi, zinazidishana, pete tatu za nyuzi 90 zikifuatana unavuta mara mbili ya uzito. Kwa hiyo makapi halisi yenye gurudumu yaweke pale kamba inapogeuka sana, hasa shinani kwenye mlingoti, na pete zako zibaki kwenye kona ndogo za kuongoza njia tu. Bomba la plastiki sikushauri kabisa kwenye kona, kamba inalichonga mfereji ndani ya msimu mmoja na ukingo wake unakuwa wembe.

Vitu vingine vya kucheki hapa ni vidogo: henza imejizungusha kwenye waya wa mbele (angalia juu kabla hujavuta, sekunde moja tu), demani imefungwa imekaza, kamba ya kupunguza tanga imenasa sehemu na unatweka huku ukiwa unaivuta nayo. Hii ya mwisho inatokea zaidi ya watu wanavyodhani.

DALILI YA 3: Ukipunguza tanga, mbele kunashuka ila nyuma kunabaki na tumbo

Hapa tukae kidogo manake ndo malalamiko makubwa kuliko yote kwa wanaotumia kamba moja kuvuta macho yote mawili, la mbele na la nyuma, yaani yale matundu yaliyoimarishwa kwenye kingo za tanga yanayovutwa mpaka kwenye bumu ukipunguza.

Fuata njia ya kamba kwa kidole. Inatoka mkononi kwako, inageuka shinani, inapanda mpaka jicho la mbele la tanga na kugeuka nyuzi 180, inashuka kwenye bumu na kugeuka 90, inaenda mwisho wa bumu inageuka tena 90 kupanda, inafika jicho la nyuma inageuka 180 nyingine ndo ikafungwa. Kutoka jicho la mbele mpaka la nyuma ni nyuzi 540, na kwa ule msuguano wa 0.15 ina maana nguvu inayobaki mwisho wa safari ni kama robo tu. Ndo maana jicho la mbele linakaa sawa mapema na la nyuma linabaki linaelea juu ya bumu, tanga linafanya tumbo wakati ambao ndo unataka liwe bapa.

Ukaguzi rahisi: umeachia demani na kika? Kama hujaachia, bumu haiwezi kupanda kulifuata jicho la nyuma na utavuta mpaka viganja vichubuke. Mpangilio ni huu: legeza demani na kika, shusha henza mpaka alama uliyoiweka, vuta jicho la mbele, kaza henza, ndo uvute jicho la nyuma mpaka liguse bumu, mwisho kaza kika na demani. Weka alama ya wino usiofutika au uzi wa rangi kwenye henza pale inapotakiwa kusimama, bila alama utashusha kidogo mno au kupita kiasi kila mara.

Kama mpangilio uko sawa na bado kuna tumbo, shonea au fungia pete laini au kapi dogo kwenye macho ya tanga, kamba isisugue kwenye jicho lenyewe. Ikikataa, achana na kamba moja, weka mbili, ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Kwenye mashua ndogo mimi ningeanza na mbili moja kwa moja, unaongeza kliti moja tu na unapata mfumo unaoeleweka.

Alafu kuna suala la kapi la mwisho wa bumu limekaa wapi. Likiwa mbele mno linavuta jicho chini tu bila kulivuta nyuma, ukingo wa chini unalegea na mzigo wote unahamia kwenye jicho la mbele na kitelezi kilicho juu yake. Likiwa nyuma mno linavuta nyuma bila kushusha. Siku tulivu tweka tanga mpaka kimo cha kupunguzwa, funga jicho la nyuma kwenye bumu kwa kipande cha kamba, kisogeze mbele nyuma mpaka ukingo wa chini uwe bapa umekaza, weka alama hapo, na kapi liwe sentimita chache nyuma ya alama ili kamba ivute chini na nyuma kwa pamoja.

Onyo moja la maana. Vile vikamba vidogo vya katikati vya kufungia kitambaa kilichobaki havibebi mzigo, kazi yake ni kukusanya tu. Ukivikaza kabla jicho la nyuma halijafungwa, au ukaachia jicho la nyuma wakati vyenyewe bado vimefungwa, tanga linachanika kwa mstari kuanzia vitundu vyake. Kufungua anza na hivi vidogo, macho makubwa yafuate. Na ukiona kitambaa kimeanza kuvutika kuzunguka jicho au nyuzi za mshono zimekatika, mpelekee fundi matanga, gundi na kiraka cha kubandika hakishiki mahali penye mzigo wa namna ile.

Punguza mapema pia. Nguvu ya upepo inakua kwa mraba wa kasi, kutoka noti 10 mpaka 14 tu (noti ni maili moja ya baharini kwa saa) tayari imekuwa mara mbili, na mfumo uliokuwa unavutika kirahisi kwenye noti 10 unaweza kukugomea kabisa.

DALILI YA 4: Vijiti vya tanga vinanasa kwenye kamba za kupokelea wakati wa kutweka

Zile kamba mbili za ubavuni zinazolipokea tanga lisimwagike. Karibu kila mara sababu ni kwamba umetweka omo haiko sawa kwenye upepo au kamba zimekaza. Zilegeze, zivute mbele uzishikishe kwenye ndoano ndogo mlingotini, tweka, alafu zirudishe wakati wa kutua. Zianzie kama theluthi mbili ya urefu wa mlingoti, zishuke kwenye bumu sehemu mbili, hazihitaji zaidi. Tumia kamba laini bila pete za chuma, chuma kinagonga tanga usiku kucha na kulitoboa.

Kama tanga lako halina vitelezi na linaingia mferejini kwa kamba ya ukingo, likishuka linatoka lote mlingotini na hizi kamba hazitalizuia kuruka na upepo. Na kama mashua yako iko chini ya mita 4 sioni sababu ya kuziweka kabisa, vipande vitatu vya mpira wa kuvutika vya kufungia tanga vinatosha, ikipinduka una kamba chache za kukunasa miguu.

DALILI YA 5: Ukiachia henza bumu inaanguka

Hamna kamba ya kuibeba, basi. Funga ya milimita 3 au 4 kutoka kileleni mpaka mwisho wa bumu, urefu wake uwe bumu inabaki juu ya vichwa vyenu tanga likishuka, na inalegea tanga likiwa juu. Ikibaki imekaza wakati unasafiri, ukingo wa nyuma wa tanga unafunguka na unapoteza nguvu. Kipande cha mpira kikifungwa sambamba nayo kinaizuia kupepea. Mpaka uifunge, kila mtu akae chini kabla henza haijaachiwa.

DALILI YA 6: Henza inateleza au tanga linalegea lenyewe

Cheki kliti kwanza. Kamba iingie kwenye meno kwa mstari ulionyooka, ikiingia kwa pembe inashikwa na jino moja tu. Meno yakiwa yameisha ncha, badilisha. Kamba ikiwa nyembamba kuliko kipimo cha kliti haitashikwa, na Dyneema (kamba ya nyuzi imara sana zinazoteleza) isiyo na ganda inateleza karibu kwenye kliti yoyote ya meno.

Kama kliti inashika na bado ukingo wa mbele unafanya mikunjo baada ya muda, kamba yenyewe inanyumbuka. Nailoni ni nzuri kwa nanga kwa sababu hiyo hiyo, kwenye henza haifai. Chukua poliesta iliyosukwa ya milimita 5 au 6. Kwenye kliti ya pembe mbili zungusha mara moja kamili, alafu mizunguko miwili ya umbo la nane, usifunge kile kitanzi cha kujikaza cha mwisho, kitakuchelewesha siku unayohitaji kutua haraka.

DALILI YA 7: Skurubu zinalegea, unga mweupe, nyufa

Unga mweupe kuzunguka skurubu ya chuma kisichoshika kutu kwenye alumini maana yake metali mbili zinalana kupitia maji ya chumvi. Toa, safisha, paka lanolini au losheni ya kutenganisha metali kwenye nyuzi za skurubu, weka kipande chembamba cha plastiki chini ya kifaa, rudisha. Tundu likishatanuka usiweke skurubu nene zaidi, hamisha kifaa sentimita kadhaa utoboe upya au tumia riveti.

Kutoboa bumu kuna kanuni: toboa katikati ya kimo chake, pale mkazo wa kupinda ni mdogo, usitoboe juu wala chini, usipange matundu kwenye mstari mmoja wa kuizunguka, na usikaribie pale kika inaposhika kwa sababu ndo bumu nyingi zinakatikia hapo. Mara nyingi huhitaji kutoboa kabisa, kitanzi cha mkanda kilichozungushwa kwenye bumu kinabeba kapi vizuri tu.

Mwite fundi wa milingoti, na usitoke na mashua, ukiona lolote kati ya haya: ufa kwenye mlingoti, bumu au bawaba ya bumu hata kama ni mwembamba kama unywele, mlingoti umepinda na haurudi, uzi hata mmoja umekatika kwenye waya unaoshika mlingoti, au ncha ya waya imevimba, mbao au sakafu chini ya mlingoti inabonyea ukiikanyaga. Mlingoti wa kaboni usiuguse na drili bila kuongea naye kwanza, na usiufungie kifaa cha alumini moja kwa moja, kaboni inakila.